Usiuze Nyumba Kwanza, Mwanangu

Mwanangu, dada yako ameniambia unaacha kazi ukiwa na miaka 58, mnauza nyumba ya Minneapolis na kununua gari la kulala ndani, wewe na mkeo muizunguke Marekani. Sina la kupinga. Umekesha kazini miaka mingi, na kupumzika ni haki yako. Ila kila nikiuliza habari za bima ya afya unanijibu, "Tutaona huko mbele." Jibu hilo nimelisikia kwa wengi, na wengi wao nimewachangia bili za hospitali baadaye. Nimechoka, lakini nitakueleza tena.

Bima yako ilikuja na kazi. Ukiacha kazi, sheria ya COBRA kwa kawaida hukuruhusu kubaki nayo miezi 18, ila utailipia yote mwenyewe, pamoja na fungu alilokuwa akilitoa mwajiri, na nyongeza ya hadi asilimia 2. Medicare, bima ya serikali ya wazee, huipati mpaka ufikishe miaka 65. Hiyo miaka ya katikati utanunua kwenye soko la bima la serikali. Tangu 2014 kampuni za humo haziruhusiwi kukukataa kwa sababu ya kisukari chako, na hilo ni la kushukuru. Una siku 60 baada ya bima ya kazini kukoma; zikikupita, unangoja usajili wa mwaka unaofunguliwa Novemba 1.

Sasa nisikilize vizuri. Bima hiyo hufuata anwani yako, jimbo na hata kaunti. Wanaoishi barabarani hupenda kuhamishia makazi Texas, Florida au South Dakota, kwa kuwa majimbo hayo hayatozi kodi ya mapato na zipo ofisi za kuwapokelea barua. Lakini bima nyingi za sokoni hukufunga kwenye hospitali na madaktari wa eneo lako. Ukizidiwa ghafla Arizona, sheria inailazimu bima ihesabu matibabu ya dharura kana kwamba uko kwenu, ingawa gari la wagonjwa halimo katika kinga hiyo. Kisukari, hata hivyo, si dharura ya siku moja. Ni kupima damu kila baada ya miezi michache, ni daktari wa macho, ni kuangaliwa miguu. Hayo, ukiwa mbali na eneo lako, huenda ukayalipa yote mfukoni mwako.

Tena ruzuku ya serikali ya kukupunguzia gharama ya bima ya sokoni hupimwa kwa kipato cha mwaka. Texas na Florida hazikupanua Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo. Ukiwa huko na kipato chako kikashuka chini ya kiwango cha umaskini, unaweza kukosa ruzuku na Medicaid pia. South Dakota iliipanua 2023. Ukichota sana akiba ya uzeeni ukapita mara nne ya kiwango hicho, jihadhari: unafuu wa ziada ulioanza 2021, uliowapa ruzuku hata waliopita hapo, uliwekewa kikomo mwisho wa 2025.

Mtakutana pia na watu wema watakaowaita kwenye vikundi vya waumini vinavyochangiana matibabu. Mchango wao wa mwezi ni mdogo, na sisi tuliolelewa katika kuchangiana maneno hayo hutuingia upesi. Lakini kikundi hicho si bima. Hakifungwi na sheria kukulipia, na kinaweza kukataa maradhi uliyokuja nayo. Kwa mwenye kisukari, mimi sikishauri hata kidogo.

Kwa hiyo, baba, kabla hujatia saini mauzo ya nyumba, chagueni kwanza kaunti mtakayoiita kwenu, kisha mtafute wakala wa bima wa huko. Mwambie akuandikie, asikuambie kwa mdomo tu, kama kliniki yako ya kisukari italipiwa mahali mtakapokaa majira ya baridi. Akisema hapana, pangeni safari zenu ziwarudishe kwenye kaunti hiyo kila tarehe ya kliniki. Na mkeo awepo mnapoamua, maana afya yake nayo imo humo.