Sikio Kabla ya Mkasi

Enyi wazazi Wakristu, pokeeni mfano huu, mkautafakari nyumbani mwenu.

Palikuwa na binti wa miaka 14 huko Kadutu, mjini Bukavu. Jumamosi moja, likizo ikikaribia kwisha, alirudi nyumbani amejifunga kitambaa kichwani, naye hakuwa na desturi hiyo. Wakati wa chakula cha jioni kitambaa kikateleza. Lo! Nywele za pande mbili zilikuwa zimenyolewa kabisa, na zile za utosini zimetiwa rangi nyekundu kama udongo wa kilimani baada ya mvua.

Baba akasukuma sahani. Hakuuliza neno. Alidai mkasi, akaapa kwamba asubuhi kichwa kile kitanyolewa chote mbele ya majirani, ili kiwe fundisho. Na kama binti hataki, basi na akalale nje. Binti akainuka, akaushika mlango.

Mlango ule ulielekea wapi? Ulielekea kwenye usiku wa mji ambao watu wake wameona mengi, hasa tangu Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu. Baba aliyajua hayo. Mchana humkataza binti yake asikawie hata kidogo sokoni, kwa kuwa ampenda. Usiku ule, kwa ajili ya nywele, alikuwa tayari kumtoa nje kwa mkono wake mwenyewe. Ndivyo ifanyavyo hasira: humfanya mlinzi aufungue mlango anaoulinda.

Nyanya wa binti, mama mzaa baba, alikuwa ameketi karibu na moto. Akasema, “Mwanangu, keti. Mwaka 1972 nilikuwa na miaka 17. Ilikuwa wakati wa Mobutu, nchi ikiitwa Zaire, na serikali ilihimiza watu warudie asili. Suti za Kizungu zilikatazwa, na suruali na wigi za wanawake vilevile. Mimi nilinunua wigi kwa siri. Baba yangu alipoiona aliitupa motoni, wala hakuniuliza kwa nini. Wigi iliungua upesi. Lakini tangu siku ile sikumwambia tena siri ya moyo wangu, hata nilipopatwa na mashaka makubwa ya ujana. Alikufa akidhani ya kuwa alishinda.”

Baba akaketi. Mama akamchukua binti chumbani, akamwuliza kwa upole, “Mama yangu, ni nini?” Hapo binti akalia, akasema. Kwa miezi mingi alikuwa amesukwa misuko ya kubana sana, pamoja na meshi nzito, ili apendeze kama wenzake. Nywele za kando ya paji zikaanza kung’oka, ngozi ikabaki tupu, na wasichana wa darasa lake wakamcheka. Akanyoa pande zote mbili ili kuificha aibu. Na ile rangi? Alikiri kwamba rangi ilikuwa ya kujifurahisha tu. Mama akaleta taa, akaitazama ngozi, akaona vipele vya uchungu. Alikuwa akimwona mtoto huyo kila siku, na hakuviona.

Fikirini, enyi wazazi: kama mkasi ungetangulia, ugonjwa ule ungejulikana lini? Maana nywele zinazovutwa mno hudhoofika shinani. Mtu akiacha misuko ya kubana mapema, huweza kuota tena. Akizidi kuendelea miaka mingi, huenda zisirudi kamwe.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mtakatifu Katarina wa Siena alizaliwa mwaka 1347 huko Italia, na baba yake, Jacopo, alikuwa mtia rangi nguo. Wazazi walipotaka kumwoza, naye amekwisha kujitoa kwa Mungu, alikata nywele zake nzuri. Mama yake, Lapa, alikasirika mno. Katarina akanyimwa chumba chake cha kusalia, akapewa kazi za mtumishi nyumbani mwao. Hakutukana, hakutoroka, alijifanyia chumba cha sala moyoni mwake. Hatimaye baba yake alimkuta akisali, akatambua kwamba jambo hilo latoka juu, akaamuru aachwe kwa amani. Binti huyo ndiye aliyemsihi Papa Gregori wa 11 arudi Roma, na mwaka 1970 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Naye mama Lapa mwisho alimfuata binti yake katika shirika lile lile la Mtakatifu Dominiko.

Basi je, kila kichwa kilichonyolewa ni kichwa cha mtakatifu? Hasha. Mtume Petro awaonya wanawake wasiweke uzuri wao katika kusuka nywele na kujitia dhahabu, bali katika moyo mpole. Tena shule ina sheria zake, na mtoto hana budi kuzitii. Lakini Mungu alimfundisha Samweli kwamba wanadamu hutazama sura, naye hutazama moyo. Na Mtume Paulo awaagiza akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa. Mzazi anayehukumu kichwa bila kuuliza moyo amefanya nusu ya kazi yake, nayo ni nusu iliyo rahisi.

Asubuhi yake, baada ya Misa, baba alimwita binti. Alimwambia kwamba rangi itaondolewa kabla ya shule kufunguliwa, kwa kuwa ndiyo kanuni, tena hapaswi kuwaficha wazazi. Binti akakubali. Kisha baba akasema neno lililomgharimu zaidi: “Nisamehe kwa habari ya mlango.” Jumatatu alimpeleka mwenyewe kwa mganga wa zahanati.

Enyi wazazi, shikeni mambo matatu. Kwanza, ulizeni kabla ya kuhukumu. Pili, onyeni faraghani. Aibu ya mbele ya majirani haimfundishi mtoto adabu, humfundisha kuficha. Tatu, kosa lolote liwalo, mlango wa nyumba usiwe fimbo.

Nanyi mabinti, msiwaache wazazi wenu wajue kwa kitambaa kilichoteleza. Semeni mapema.

Bwana wetu Yesu Kristu alisema kwamba hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote. Baba wa mbinguni azihesabu kwa kuwa ampenda mwenye kichwa. Na mzazi wa duniani amwige.