Mizani Mbili katika Nyumba Moja

Yako maswali ambayo vitabu vya maadili huyajibu kwa maneno machache, lakini mkulima wa Laela au wa Matai hana budi kuyajibu kwa ng'ombe wake. Mojawapo ni hili: mgonjwa akihitaji kupasuliwa kichwa, na bingwa wa kazi hiyo yuko mbali, nyumba yapaswa kutoa kiasi gani ili mgonjwa afike? Na la pili, ambalo ndilo linalotusumbua zaidi: je, kiasi hicho ni kimoja kwa mwana na kwa binti, kwa mume na kwa mke?

Kwa swali la kwanza Kanisa lina mafundisho yaliyo wazi. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio XII, akijibu maswali ya madaktari wa usingizi, alieleza kwamba mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, yaani zile zisizoleta mzigo mzito kupita kiasi kwake au kwa wengine. Njia zilizo kubwa kuliko hizo hazimlazimu. Tena alieleza kwamba ukawaida huo hupimwa kwa kutazama watu wenyewe, mahali walipo, nyakati zao na desturi zao. Ni mafundisho ya huruma. Humwondolea maskini hofu ya kwamba ametenda dhambi kwa kuwa hakuweza yasiyowezekana.

Walakini fundisho la huruma laweza kugeuzwa kuwa maficho. Tuseme kuna mtu katika nyanda zetu za Ufipa mwenye maksai wawili na watoto wawili. Mwanawe wa kiume ameanguka kwa pikipiki, damu inavuja ndani ya fuvu, na waganga wa mjini wamesema apelekwe upesi kwa bingwa. Maksai huuzwa siku ile ile, wajomba huchanga, wala hapana aulizaye kama mzigo ni mzito. Mwaka unaofuata binti yake anaumwa kichwa miezi mitatu, anatapika asubuhi, macho yanaanza kufifia, na daktari anashuku uvimbe katika ubongo. Sasa baba anakumbuka kwamba safari ni ndefu. Anasema, tungoje mavuno. Anasema, tujaribu kwanza dawa za miti.

Atasema mtu kwamba damu haingoji, na uvimbe hungoja. Ni kweli kwa siku chache, siyo kwa misimu miwili ya mahindi. Naye mzazi atakaye kujua kama anapima kwa haki, na abadilishe majina: huyu mgonjwa wa macho angekuwa yule mwana, je, maksai wangekuwa bado zizini? Kama jibu ni hapana, basi safari ile ile, yenye nauli ile ile na gharama zile zile, imeitwa ya kawaida kwa mmoja na ya kupita kiasi kwa mwingine. Hapo kilichopimwa si mzigo tena. Amepimwa mtoto.

Wengine hujitetea kwa busara ya nyumba: mwana ndiye atakayetulisha uzeeni, binti ataolewa na faida yake itakwenda kwa wengine. Twaweza kuwajibu kwamba hesabu yenyewe ina kasoro. Daktari Claire Karekezi alirudi kwao Rwanda mwaka 2018 akiwa mwanamke wa kwanza wa nchi ile kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, na katika nchi yetu Daktari Happiness Rabiel wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, alikuwa wa kwanza kwa wanawake katika kazi hiyo. Lakini tukijibu hivyo tu, tumekwisha kukubali mizani ya mchuuzi, na binti asiye na akili ya shule atakosa mtetezi. Papa Pio alisema juu ya uzito wa njia, hakusema juu ya bei ya mtu. Na sisi wa jimbo hili tunayo sababu ya pekee ya kuchukia bei ya mtu. Adriani Atiman, ambaye hospitali yetu ya Sumbawanga yaitwa kwa jina lake, aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea uganga Malta, akatibu watu Karema tangu 1889 hadi karibu na kufa kwake mwaka 1956. Mtu aliyewahi kutiwa bei ndiye aliyetuanzishia uganga.

Mizani hizo mbili huonekana hata kabla ya fedha kutajwa. Mtoto mchanga kichwa chake kikikua kupita kiasi kwa sababu ya maji kujaa ubongoni, anayeulizwa ni mama. Alikula nini? Alimkosea nani? Wapo akina baba wanaoondoka, wakimwachia mke mtoto na lawama pamoja. Jina lenyewe la Sumbawanga, wasemavyo wenyeji, humwamuru mtu autupe uchawi. Lakini hautupwi kwa kumtupia mke. Huko Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE, Daktari Benjamin Warf na wenzake waliona kwamba chanzo kikubwa cha ugonjwa huo kwa watoto wao ni maambukizo yanayompata mtoto mchanga baada ya kuzaliwa. Si laana, wala si dhambi ya mama.

Hatusemi kwamba kosa lote ni la baba wa nyumba. Kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni kilometa zaidi ya 1,000, na kwa miaka mingi upasuaji huu ulifanyika hasa huko, MOI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Baadaye hospitali kama Bugando ya Mwanza, iliyo ya maaskofu wetu, nazo zikaanza. Serikali na Kanisa wana deni la kuusogeza. Walakini nyakati zabadilika, na wajibu hubadilika pamoja nazo. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga sasa ni ya lami. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita Bungeni mwaka 2023. Safari ambayo kwa babu zetu ilikuwa nje ya uwezo wowote, kwa wengi wetu leo ni ngumu tu.

Liko jambo moja ambalo jumuiya zetu ndogo ndogo zinapaswa kulifahamu. Mtoto mwenye maji kichwani mara nyingi hutiwa mrija unaoyapeleka tumboni, na mrija huo waweza kuziba mwaka wowote. Ndiyo maana huko Mbale walitafuta njia nyingine: kuyatobolea maji mapito mapya ndani ya ubongo, na kuunguza sehemu inayoyatoa. Mtoto wa mrija akianza tena kutapika na kulegea, yambidi arudi kwa bingwa upesi sana. Jumuiya nyingi huchanga kwa moyo katika safari ya kwanza. Safari ya pili humkuta mama peke yake kituoni, mtoto mgongoni, kijiji kimekwisha kuchoka, na mume amesema kwamba alikwisha kutoa.