Mwanafunzi Aliyerudi Nyuma



Katika Matendo ya Mitume 13 twasoma habari za Yohana aitwaye Marko. Alikuwa mtumishi wa Paulo na Barnaba. Lakini walipofika Perge aliwaacha, akarudi Yerusalemu. Baadaye Paulo alikataa kumchukua tena. Barnaba alilijua kosa lile, walakini alimtwaa Marko, akapanda naye merikebu kwenda Kipro. Miaka ikapita, naye Paulo, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amlete Marko, maana sasa aliuhitaji msaada wake (2 Tim. 4:11).

Mwalimu, pengine katika daftari lako limo jina unalotaka kulifuta: la mtoto mzito wa kusoma, au la kijana aliyeliacha darasa la ubatizo. Kabla hujalifuta, nenda kwao, ukaketi naye. Mwonye, kisha mchukue tena. Huenda matunda ya kazi yako watayavuna wengine, kama Paulo alivyoyavuna ya Barnaba. Usihuzunike kwa hayo. Nasi sote tulirudi nyuma, na Bwana akatufuata.

Amina.