Jina Lako Litakapochapishwa

Mwanangu, umeniambia unataka makala yako itoke kwenye jarida kabla ya Desemba, kwa sababu nafasi ya kazi pale chuoni inadai machapisho. Nimekuelewa. Sina shahada ya kukufundishia takwimu. Ila kwa miaka mingi nimetembea na watafiti katika vijiji vya Babati, nikiwatafsiria Kigorowa na Kiiraqw na kuwabebea madodoso. Najua makala huanzia wapi kabla haijapata kichwa kizuri. Kaa kidogo, chai bado ipo.

Jambo la kwanza ni hili. Atakayesoma makala yako hatakuona. Bwana shamba wa Singida, muuguzi wa Kigoma au mwanafunzi wa nchi ya mbali atachukua namba yako na kuifanyia kazi. Hawezi kuja hapa Mutuka kukuuliza kama kweli ulihesabu. Anakuamini tu. Wajibu wako wote unaanzia kwenye imani hiyo.

Umewahi kusikia habari za Erasto Mpemba? Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe ndipo wayaweke kwenye jokofu. Siku moja nafasi ikawa ya kugombania, Mpemba akaweka yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia.

Kisha akaja mgeni shuleni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akauliza tena, wenzake wakacheka. Osborne hakumdharau. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lijaribiwe. Makala ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Jina la kwanza ni Mpemba, la pili ni Osborne. Ndani yake kijana anasimulia sehemu yake mwenyewe, kisha mhadhiri anasimulia yake.

Hebu fikiri. Mwenye maabara alikuwa Osborne. Aliyejua njia ya kumfikia mhariri alikuwa Osborne. Angeweza kuweka jina lake peke yake na kumshukuru "mwanafunzi mmoja" kwenye mstari wa mwisho. Nani angemuuliza? Leo dunia nzima inalitaja jambo lile kwa jina la kijana wa Magamba. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeunda ana haki ya kutajwa. Aliyefanya kazi, mwandike. Asiyefanya, hata akiwa mkuu wa idara, usimpe jina kama zawadi ya sikukuu. Jina kwenye makala ni kusema: nami nitajibu ikiulizwa. Mpangilio wa majina mkubaliane siku ya kwanza, mkiwa bado mnapendana.

Kuna jambo jingine katika makala hiyo. Osborne anaeleza kwamba fundi wa maabara alimletea jibu: kweli, maji ya moto yameganda kwanza. Kisha fundi akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Wasomaji hucheka hapo. Mimi sicheki sana.

Mwaka mmoja wa masika mazito nilipewa madodoso ya kaya zilizo ng'ambo ya korongo. Maji yalijaa. Kaya za mwisho sikuzifikia. Nilikaa kwenye kibanda cha chai nikazijaza mwenyewe: magunia ya mahindi, mbaazi, idadi ya ng'ombe, watoto wanaosoma. Watu wale niliwajua, nikaona nitapatia tu. Mtafiti alinishukuru kwa kumaliza mapema, nami nikanyamaza. Baadaye nikasikia kwamba mzee mmoja wa kaya zile alikuwa ameuza ng'ombe wake wote masika yale ili amtibu mkewe. Kwenye dodoso langu walikuwa bado zizini. Utafiti wenyewe ulihusu jinsi familia zinavyoanguka kwenye umaskini. Yule aliyekuwa anaanguka, mimi nilimsimamisha kwa kalamu. Nilipopata ujasiri wa kusema, mtafiti alikuwa ameshaondoka nchini. Sijui namba zangu zimekaa kwenye jedwali gani.

Wenyewe tunaita kupika takwimu. Hakuna anayeanza kwa kupika chungu kizima. Anaanza na kaya moja, na mvua ikiwa kisingizio. Kwa hiyo waliokukusanyia data uwaulize kwa upole, tena bila kuwatisha, wapi hawakufika. Kaya isiyofikiwa iandikwe kuwa haikufikiwa. Pengo la kweli lina faida kuliko namba ya uongo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwenye majarida inaweza kuwa ndefu. Mwaka 1998 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12. Ilidokeza kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ina uhusiano na usonji. Baadaye ilibainika kwamba taarifa za watoto wale zilipotoshwa. Jarida likaifuta makala mwaka 2010, miaka 12 baada ya kuitoa. Wazazi wengi waliosikia hofu hawakusikia habari ya kufutwa. Chanjo ikakataliwa, na surua ikawapata watoto.

Sasa linganisha na Mpemba. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walilipima upya jambo lile. Hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hutangulia kuganda. Walionyesha hata kwamba kipimajoto kikisogezwa kidogo, jibu linaweza kugeuka. Wengine bado wanabishana nao. Lakini hilo halimfanyi Mpemba kuwa mwongo. Aliandika alichokiona na namna alivyokiona, ndiyo maana wengine waliweza kurudia na kumpinga. Ukikosea hivyo, mwanangu, usijifiche. Mwandikie mhariri, aweke sahihisho. Usisubiri mtu mwingine akugundue.

Kuhusu hiyo Desemba yako. Utapata barua pepe itakayokuita profesa kabla hujahitimu, ikiahidi kuchapisha ndani ya wiki ukilipa dola. Hapa Babati tumeshauziwa mbegu feki za mahindi: paketi inang'aa, mvua inanyesha, shamba halioti. Majarida hayo ndiyo hivyo hivyo. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver huko Marekani, aliwahi kuyaorodhesha. Orodha yake ikafungwa mwaka 2017, biashara ikaendelea. Malipo peke yake si dalili ya utapeli, maana hata majarida halali hutoza. Dalili ni kulipa bila kuulizwa swali hata moja. Jarida la kweli litakurudishia kazi ikiwa imejaa maswali. Utakasirika siku mbili. Siku ya tatu utaona kwamba mhakiki amekuokoa.

Usitume makala moja kwa majarida mawili kwa pamoja. Ni kuwachosha wahakiki wanaosoma bila malipo. Ukitumia akili mnemba, sema umeitumia, na kila rejeo ulifungue kwa macho yako, maana mashine huweza kutunga vitabu visivyokuwapo. Siku utakayoitwa kuhakiki kazi ya mwenzako, wazo utakalolikuta humo ni amana.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kinakuruhusu kufanya utafiti. Hakikupi siri za watu. Aliyekusimulia ugomvi wa shamba na kaka yake, ficha jina lake, na ufiche hata dalili zitakazomfanya jirani amtambue. Tena, waliokusimulia wapate kujua ulichoandika juu yao. Chukua Duru-Haitemba, msitu wa hapa Babati ambao miaka ya 1990 vijiji vyake vilipewa kuutunza wenyewe. Umeandikwa sana na wasomi. Lakini mzee aliyemwonyesha mtafiti mpaka wa msitu, atasomaje makala ya Kiingereza iliyofungiwa nyuma ya malipo?

Wewe fanya hivi. Kabla hujaituma, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, mwombe mwenyekiti nafasi kwenye mkutano wa kijiji, uusome. Waache wakusahihishe. Watakuambia mwaka ule haukuwa wa ukame, na kwamba mbaazi hazikuuzwa kwa bei hiyo. Rudi ukarekebishe, kisha tuma. Desemba itapita na ajira hiyo huenda ikapita nayo. Ipite. Nyingine zitatangazwa, na makala utakayokwenda nayo utaweza kuijibia mbele ya yeyote.