Mkono Uliofunzwa na Deni Lake

Katika kazi yetu ya ualimu kuna jambo ambalo aghalabu hatulisemi, nalo ni kwamba kila tunachomfunza mtoto twamkabidhi bila ya kujua atakitumia wapi. Tukimfunza kusoma, hatumchagulii vitabu vyote atakavyosoma maishani. Tukimfunza kutunga insha, hatutasimama nyuma ya bega lake siku atakapoandika barua ya kutukosoa sisi wenyewe. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo twataka kulizungumza katika kurasa hizi: Je, mwanafunzi ana deni gani kwa mwalimu wake? Na je, akiichukua elimu aliyopewa akaipeleka mahali ambapo mwalimu hakupakusudia, amemsaliti?

Ili tusilijadili swali hili hewani, twachukua mfano wa sanaa iliyo mbali kidogo na ubao wetu, yaani upigaji wa jazi kwa vidole juu ya gita la nyuzi za nailoni. Tunaposema jazi hatukusudii bendi za dansi za Afrika Mashariki zilizojiita kwa jina hilo, kama vile Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz. Twakusudia ule muziki uliozaliwa na Wamarekani Weusi mwanzoni mwa karne ya 20, ambamo mpigaji huchukua wimbo unaojulikana akaubuni upya papo hapo, mbele ya wasikilizaji wake.

Gita hilo lina nyuzi sita. Tatu nyembamba ni nailoni tupu. Tatu nene ni nyuzinyuzi za nailoni zilizozungushiwa waya mwembamba. Mpigaji hatumii kipande cha plastiki cha kukwaruzia, bali vidole vinne vya mkono mmoja: gumba, shahada, kidole cha kati na cha pete. Gumba hushika sauti nzito za chini, kama mpiga ngoma asiyepoteza mwendo. Vidole vya katikati hujaza sauti za kuandamana. Na cha pete mara nyingi huubeba wimbo wenyewe juu ya zote. Hivyo mtu mmoja hufanya kazi ya watu watatu, na kila kidole sharti kijue kazi yake bila ya kuimeza kazi ya jirani. Sauti yake ni laini, wala haina ukali wa kuficha makosa. Ukucha ukigusa uzi vibaya, hata msikilizaji asiyejua muziki huhisi. Mkono wa namna hiyo haupatikani kwa mwezi mmoja. Ni kazi ya miaka, na aghalabu ni kazi ya mwalimu.

Mwalimu mkubwa wa mkono huo katika karne ya 20 alikuwa Mhispania Andrés Segovia, aliyezaliwa mwaka 1893 na kufariki mwaka 1987. Alipokuwa kijana, watu wengi wenye kujiona waungwana waliliona gita kuwa ni chombo cha vilabuni na mitaani, kisichostahili kusimama pamoja na piano na fidla. Yeye akaliingiza katika kumbi kubwa za dunia. Aliunakili upya muziki wa Johann Sebastian Bach ili upigike kwa nyuzi sita, akawahimiza watunzi wa zama zake walitungie gita, akafundisha vijana wa mataifa mengi. Gita la umeme hakulikubali kamwe. Kulitoa gita mtaani na kulipa heshima ilikuwa kazi ya umri wake wote.

Miongoni mwa vijana waliokwenda kusoma kwake mjini Siena, Italia, mwaka 1954, alikuwemo Mmarekani Charlie Byrd. Huyu alizaliwa Virginia mwaka 1925, na baba yake ndiye aliyemfunza kushika gita. Aliipiga jazi katika ujana wake, kisha akaelekea kwenye gita la kumbini, akajifunza kwa miaka kadhaa mjini Washington kabla ya kumwendea Segovia. Lakini ilipofika mwaka 1957, Byrd alikuwa akipiga jazi katika klabu iliyoitwa Showboat, huko huko Washington, kwa gita lile lile la nailoni na kwa vidole vile vile vilivyofunzwa, mbele ya watu walioketi na bilauri zao. Kwa maneno mengine, kile ambacho mwalimu alikitoa mtaani kwa jasho, mwanafunzi alikirudisha mtaani kwa hiari yake.

Mwenye kumlaumu ana hoja, wala haifai kuidharau. Wahenga wamesema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Wakasema pia kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Elimu, atasema mlaumu, ni amana. Mtu akikuwekea fedha, humrudishii kokoto hata kama kokoto hizo zang'aa. Mwalimu alimpa kijana mkono kwa ajili ya kazi maalumu. Kuutumia kwa kazi nyingine ni kuvunja ahadi ambayo, ijapokuwa haikuandikwa, ilikuwamo katika kila somo. Tena, kila mwanafunzi akienda apendako, nani atabaki kukilinda kilichopokewa?

Hoja hii ina nguvu, lakini twaona kwamba yachanganya mambo matatu ambayo mwalimu humpa mwanafunzi kwa wakati mmoja. La kwanza ni nidhamu: namna ya kuketi, ya kuweka mkono, ya kurudia jambo mara mia bila ya kujidanganya kwamba limekwisha kujulikana. La pili ni hazina: nyimbo, tungo na maarifa ambayo mwalimu aliyapokea kwa waliomtangulia. La tatu ni hukumu yake: kipi ni kizuri, kipi ni duni, na kipi chafaa kupigwa wapi.

Madeni yatokayo katika mambo haya si ya namna moja. Nidhamu ni deni zima, nalo hulipwa kwa kuihifadhi. Mwanafunzi akiitupa, ameharibu alichopewa. Hazina ni deni la kutunza na kutaja. Si lazima mwanafunzi aipige kila siku, bali asiiache ikafa mikononi mwake, wala asidai kuwa ni yake. Ama hukumu, hiyo hairithiwi kama kanzu. Mwanafunzi anawajibika kuisikiliza kwa adabu na kuipima kwa uaminifu, na baada ya hapo kuhukumu mwenyewe. Asiyeweza kuhukumu mwenyewe hajafunzwa, amekaririshwa tu.

Tukimpima Byrd kwa mizani hii, twaona kwamba nidhamu hakuitupa. Watu wengine hudhani kuwa jazi ni fujo, ati kila mtu apiga apendavyo. La hasha. Nyimbo nyingi zipigwazo katika jazi zina vipimo 32, yaani mafungu manne ya vipimo vinane, na kila kipimo kina sauti zake za msingi. Mpigaji anapobuni, hana budi kujua kila nukta yuko wapi katika safari hiyo. Akipotea, wenzake watafika kabla yake na aibu itakuwa yake. Uhuru wake wasimama juu ya kanuni aliyoijua mpaka haimpasi tena kuitazama. Wala hazina hakuiacha: aliendelea kupiga na kurekodi muziki wa kale wa gita pamoja na jazi yake. Alichokikataa ni hukumu moja tu, ile isemayo kwamba mkono huo hauna halali ya kuingia klabuni.

Tena na tumtazame mwalimu mwenyewe. Nyuzi ambazo Segovia alizikuta katika ujana wake zilikuwa za utumbo wa wanyama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utumbo ukawa adimu, kwani ulihitajiwa hospitalini kushonea majeraha. Mjini New York, fundi Albert Augustine akajaribu kutengeneza nyuzi kwa nailoni, kitu kipya cha viwandani. Segovia akamtia moyo, akazipokea nyuzi hizo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 zilikuwa zikiuzwa. Mlinzi mkuu wa mila hakusita kuubadili uzi wenyewe, maana sikio lake lilimwambia kwamba kilichostahili kulindwa ni sauti, wala si utumbo. Kila alindaye mila hufanya uchaguzi wa namna hiyo, akatenganisha kiini na ganda. Mwanafunzi naye akichagua, huenda akakosea. Lakini haiwi haki kumwita msaliti kwa sababu tu amechagua.

Hata hivyo hatujamaliza, kwani tumesema habari za mwalimu mmoja tu, yule anayejulikana kwa jina na aliyeketi mbele ya mwanafunzi. Wako walimu wengine.

Mwaka 1961 Byrd alitumwa na serikali ya nchi yake kuzuru Amerika ya Kusini na kupiga muziki huko. Nchini Brazili aliusikia muziki wa bossa nova, ambao João Gilberto alikuwa ameutengenezea mkono wa namna yake juu ya gita la nailoni: gumba likitembea sawasawa kama miguu ya mtu asiye na haraka, na vidole vingine vikiudokoa wizani kwa kuutangulia na kuuchelewesha. Februari mwaka 1962, katika ukumbi wa kanisa moja mjini Washington, Byrd na mpiga saksafoni Stan Getz pamoja na wenzao walirekodi santuri iitwayo *Jazz Samba*. Mwaka uliofuata santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Marekani. Baadaye Byrd aliona kwamba sehemu yake ya mapato haikulingana na kazi aliyoifanya. Akashitaki, na mwaka 1967 wazee wa baraza la mahakama wakakubaliana naye.

Hatumlaumu kwa kudai haki yake. Lakini mizani aliyoishika mbele ya mahakama yafaa kutumika pande zote. Katika santuri ile hakuwamo mpigaji hata mmoja wa Kibrazili. Watunzi wa nyimbo, kama vile Antônio Carlos Jobim, walitajwa, kwani utunzi wa wimbo una sheria inayoulinda. Ule mkono je? Mwendo wa gumba na vidole hauna hati, wala hakuna karani anayeuandikisha. Aliyeusikia akauchukua hakuvunja sheria yoyote. Bali deni lipo, na kwa sababu hakuna mahakama ya kulidai, lazidi kuwa juu ya dhamiri ya mwenyewe.

Sisi tusemao Kiswahili tunao mfano wetu. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao sasa waitwa Likasi. Gita lake lilikuwa la nyuzi za chuma, na kazi kubwa aliifanya kwa gumba na shahada. Lakini siri ya mkono ni ile ile, sauti ya chini ikitembea na wimbo ukicheza juu yake. Aliimba kwa Kiswahili cha kwao. Santuri zake zilisikilizwa mpaka Afrika Mashariki, na wapigaji wakazifuata kwa sikio, wengi wao bila ya kumwona kwa macho. Hao wote walikuwa wanafunzi wake, ijapokuwa hakupata kuwaita majina.

Sasa na turudi darasani, maana huko ndiko swali letu linakouma. Walimu wa Kiswahili twakumbuka jinsi mgogoro wa ushairi ulivyotugawa. Upande mmoja walikuwako walioshika njia aliyoieleza Amri Abedi katika *Sheria za Kutunga Mashairi* ya mwaka 1954. Upande wa pili walikuwako walioifuata njia ya Euphrase Kezilahabi, ambaye *Kichomi* chake kilitoka mwaka 1974. Sisi tulisimama upande wa kwanza, tena kwa ukali. Siku moja mwanafunzi alituletea shairi la kumlilia mama yake, halina vina wala mizani. Tulilipiga mstari mwekundu tangu juu hadi chini, tukaandika neno moja: guni. Kijana alilichukua daftari lake, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, ni neno gani humo lisilo kweli?" Hatukumjibu. Tulimwambia aketi.

Tulikuwa na haki ya kumwuliza kama aweza kutunga kwa vina, na tungalimwuliza angalituonyesha, kwa kuwa daftari lile lile lilikuwa na tarbia zake tatu zilizokamilika. Nidhamu alikuwa nayo. Hazina aliijua. Alichokiacha ni hukumu yetu, tena katika jambo ambalo yeye alilijua kuliko sisi, yaani msiba wake. Tulimdai deni ambalo hakuwa nalo. Ama maneno yale, hakuyapata kwetu. Aliyapata kwa huyo huyo mama aliyekuwa akimlilia, mwalimu wake wa kwanza wa Kiswahili, ambaye jina lake halimo katika silabasi yoyote.

Basi shauri letu kwa walimu wenzetu ni hili. Tuidai nidhamu bila ya huruma, kwani mwanafunzi aiachaye kanuni kabla ya kuijua hakuiacha, hakuwa nayo. Tumfunze kuwataja aliojifunza kwao, wale wenye vyeti na wale wasio navyo, hata bibi aliyemsimulia hadithi jikoni. Kisha, mkono ukishakomaa, tuuache uende. Huenda ukaenda mahali tusipopapenda, na hapo tuna ruhusa ya kusema kwamba hatupapendi. Bali kabla ya kuandika guni, na tulisome shairi mpaka mwisho.