Je, Aliyesamehe Anaweza Kudai Fidia?

Swali moja huturudia mara nyingi sisi wachungaji: Mkristo aliyegongwa na gari, akiisha kumsamehe dereva, anaweza tena kudai fidia? Wengine husema kudai ni kukosa imani, na kwamba mkimbizi hana la kudai katika nchi ya watu.

Tuchukue mama aliyeumia goti. Kwa magoti tunalima, tunabeba maji, tunapanda mlima kutafuta kuni. Tena goti hudanganya. Picha ya eksirei huonyesha mfupa, lakini kano iliyokatika haionekani humo. Mtu huambiwa hakuvunjika, uvimbe unapungua, kisha baada ya miezi goti linalegea njiani na mzigo unaanguka. Basi aliyetia dole gumba kwenye karatasi siku ya tatu, kwa pesa ya dawa tu, huenda amefunga mlango mapema.

Kusamehe ni kuondoa chuki moyoni. Hilo mama anaweza kulifanya leo, hata kabla dereva hajaomba. Lakini gharama za matibabu na siku zisizolimwa haziondoki kwa msamaha. Zinahamia kwa watoto, wanaoacha shule ili walime badala yake. Je, tuna ruhusa ya kusamehe kwa kutumia chakula cha mtoto?

Torati haikuona ugomvi kati ya mambo haya. Katika Kutoka 21, aliyempiga mwenzake hulipia muda aliompotezea na kumwuguza mpaka apone. Hata aliyeacha shimo wazi, ng'ombe wa jirani akatumbukia, hulipa, ingawa hakukusudia. Zakayo naye aliahidi kurudisha mara nne.

Mtu atatukumbusha 1 Wakorintho 6. Ni kweli, dereva akiwa ndugu katika imani, tuketi kwanza na wazee. Lakini hapa Uganda sheria ya mwaka 1989 inataka magari yawe na bima kwa ajili ya watu wanaoumizwa barabarani. Kampuni ya bima imekwisha kupokea pesa kwa kazi hiyo. Kuidai si kumnyang'anya dereva maskini. Na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 16, unampa mkimbizi njia ya kufika mahakamani.

Hata hivyo kuna mipaka. Tusichechemee mbele ya daktari kuliko tunavyochechemea nyumbani. Tusidai ili dereva aaibike. Na wanaomkimbilia kumpiga palepale barabarani wanatenda dhambi. Tuandikishe ajali polisi mapema, tutunze karatasi zote za hospitali, tuseme kweli.

Mama akipokea haki yake, kisha akakutana na dereva yule sokoni na kumsalimu kwa moyo mweupe, ametimiza yote mawili. Neema iwe nanyi.