Barabara Iliyoonekana Tupu



Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre aliipiga picha barabara ya Boulevard du Temple, Paris, akiwa dirishani juu. Magari ya farasi yalikuwa yakipita na watu wakitembea, lakini pichani barabara ni tupu. Kamera ya wakati ule ilihitaji dakika kadhaa kuinasa picha, hivyo aliyekuwa mbioni hakuacha hata kivuli. Aliyebaki ni mtu aliyesimama kusafishiwa viatu, na msafishaji wake, anayeonekana kwa shida. Wenye magari wamepotea. Aliyeinamia kiatu cha mwenzake yupo.

Nimeitazama sana picha hii. Nikaikumbuka Adhuhuri yangu, ninavyoiswali kati ya vipindi viwili: rukuu haijatulia, nimeshasujudu. Ningepigwa picha kwa kamera ile, msala wangu ungeonekana hauna mtu.

Lakini kamera ile ilikuwa dhaifu. Suratu Qaf inatukumbusha waandishi wawili, kuliani na kushotoni, wasiopitwa na neno. Kwao mwenye haraka naye yumo, pamoja na haraka yake. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Mama hunipigia simu kila Ijumaa, nami humjibu nikitembea. Ijumaa iliyopita niliketi chini ya mwembe karibu na msikiti, tukaongea mpaka salio lake likaisha. Nikampigia mimi. Akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa?"